Kuivika Klachi Ngozi

Gari lilikuja juu ya lori, limefunikwa turubai, na kabla halijafunuliwa nilishajua kitumbua changu kimeingia mchanga. Wiki ile ndiyo niliyoahidiwa likizo. Mama alikuwa mgonjwa Tanga. Hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani, na kwetu mgonjwa wa aina ile akirudishwa nyumbani hakuna anayeuliza kwa nini. Dada yangu, aliyekuwa akimuuguza pamoja na mumewe, alinipigia simu akaniambia kwa sauti ya chini, ili mama asisikie, kwamba kama nina nia ya kuja, nije sasa.

Arbab wangu, mwenye gereji tuliyokuwa tukifufua magari ya kale kule Jebel Ali, hakuwa mtu mbaya. Naliweka hili mbele kwa sababu huko chini nitamsema sana. Alikuwa mzee wa hapahapa Dubai, mpole, anayependa magari kuliko wengine wanavyopenda watoto wao, na gari hili alilinunua mnadani Ulaya ili mwanawe wa mwisho apande siku ya harusi. Nilimweleza habari za mama. Alimwombea dua, kisha akanishika bega akasema gari likitembea tu, siku ya pili yake naondoka, na tiketi ataikata yeye. Khalas, yamekwisha. Ningeondoka bila ruhusa ningepoteza kazi na kibali cha kukaa, na dawa za mama zilitoka katika kazi hiyohiyo. Basi nikavua saa, nikaingia chini ya gari.

Lilikuwa gari la enzi za mwanzo kabisa: magurudumu ya mbao, taa za shaba, viti vikubwa vya kufaa sebuleni. Injini iliwaka bila taabu. Iliunguruma vizuri, tukapiga makofi, kisha nikatia gia na gari halikusogea hata unyayo. Nilipoishusha klachi nikaona sababu. Klachi za siku hizi ni sahani bapa. Hii ilikuwa na umbo la pia, ile wanayochezea watoto, chuma kipana kilichochongoka upande mmoja, kinachosukumwa na springi nene kuingia ndani ya bakuli la flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Chuma kwa chuma hakishikani, huteleza na kulia. Katikati yake lazima uweke kitu cha kuuma, na kitu hicho kilikuwa kimekwisha, limebaki vumbi jeusi na ribiti, vile vijimsumari vya kubania, zilizolika. Kazi yangu yote, na safari yangu yote, ikawa swali moja tu: pale nivike nini?

Waliotengeneza magari hayo zamani walihangaishwa na swali hilohilo. Walijaribu ngozi. Walijaribu mikanda iliyofumwa kwa manyoya ya ngamia, na vipande vya vizibo, vile vya chupa, vilivyopachikwa katika vitundu. Baadaye wakaja na kitambaa cha asbesto kilichofumwa pamoja na waya wa shaba, ambacho kilishika vizuri na hakikuogopa moto. Asbesto imepigwa marufuku, na hata isingepigwa nisingeigusa, maana vumbi lake linaua watu. Kipo kitambaa cha siku hizi kisicho na asbesto, lakini ni kinene, na ili kiingie ingebidi pia ile ikerezwe kwanza ipungue unene. Mwenye mashine ya kukereza alikuwa na foleni ya kazi za melini na hakutaka hata kunisikiliza. Vizibo nilivikataa mwenyewe, kwani sikuwa na moyo wa kupachika kimoja kimoja huku mama ananisubiri. Ikabaki ngozi.

Arbab aliposikia neno ngozi, uso ukamng'aa. Kwenye karamu ya posa ya mwanawe walichinja ngamia, na ngozi yake ilikuwapo, imetiwa chumvi na kukunjwa. Akataka gari lililotoka mbali livae kitu cha nyumbani kwake. Mimi sikuwa katika hali ya kubishana, tena nilijiona najua. Baba yangu mdogo alikuwa fundi wa ngoma, na nimewamba ngoma naye tangu sijaota ndevu. Kwetu husemwa ngozi ivute ili maji, na ndivyo nilivyofanya. Niliiloweka, nikaikwangua manyoya, nikaikata kwa umbo la upinde ili izunguke pia bila kujikunja, nikaivuta ingali inadondoka na kuipiga ribiti za shaba kila upande. Jua la Jebel Ali likamaliza kazi. Ilikaza vizuri mno, ukiigonga kwa kidole inaitika. Nilimpigia dada nikamwambia anitandikie kitanda.

Ngoma huwambwa ili ikaze, na ikilegea huoteshwa moto ili ikaze zaidi. Hilo ndilo nililolijua, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilipoachia klachi gari lilirukia mbele, injini ikazima. Nikaiwasha tena, nikaachia polepole kadiri mguu ulivyoweza, likaruka tena. Kila klachi ilipouma ilipata moto, na kila ilipopata moto ngozi ilijivuta, ikakakamaa, ikajichomoa kwenye ribiti zake. Mwisho nikasikia mpasuko. Ngozi ilichanika, ikajikunja, ikaibana pia ndani ya bakuli, na kukanyaga kanyagio kukawa sawa na kukanyaga sakafu. Gari likaenda litakako. Lilipita uani, likaangusha mapipa ya mafuta machafu, likaishia kwenye lango, na taa moja ya shaba ikabonyea.

Askari wa langoni, kijana wa Kikenya kutoka bara, alitoka kibandani mwake akiwa ameshika chapati mkononi. Alinikuta nimekaa chini. Aliangalia gari, akaniangalia mimi, akaketi kando yangu juu ya mchanga bila kujali sare yake.

"Fundi, hii gari si ya mamako," akasema. "Na mathe ni mmoja tu, buda. Si uende tu?"

Nilimwambia akalinde lango lake. Kisha nikalia mbele yake bila haya. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Niliilaani ngozi, nikawalaani wahenga na methali zao, nikajilaani mimi niliyeshindwa kutofautisha ngozi iliyokaushwa na ngozi iliyoiva. Ya ngoma ni mbichi maisha yake yote, imenyamazishwa na jua tu. Ya klachi inatakiwa iwe imepikwa kwa magome mpaka ndani, iwe laini, inywe mafuta, ikubali kuteleza kidogo kabla ya kushika. Yote hayo niliyajua pale chini mchangani, wakati hayana faida.

Jioni ile dada aliniwekea mama kwenye simu. Sauti yake ilikuwa imekwenda chini sana, kila neno lina pumzi yake. Hakuniuliza nakuja lini. Aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, nikamwambia kuna kazi kidogo imekwama lakini naja.

"Mimi nipo, mwanangu," akasema. "Wewe maliza kazi yako kwanza. Usije ukamkasirisha mtu kwa ajili yangu."

Laiti angenigombeza. Mama hakuwa mpole namna hiyo, alikuwa mwanamke wa kukutupia kata ya maji ukichelewa kutoka sokoni. Upole ule ulinitisha kuliko maneno yote ya dada.

Mfa maji haachi kutapatapa. Asubuhi nilikwenda Al Ras, kwenye masoko ya zamani, mahali pekee nilipofikiri mtu anaweza kuuza ngozi nzito bila kukuuliza maswali. Nilizunguka katikati ya mikokoteni ya wachukuzi na magunia ya bizari, na kila niliyemuuliza alinionyesha mikoba ya watalii. Mwisho niliingia duka la mafuta na dawa za asili la bibi mmoja wa Kizanzibari, wa zile familia zilizohamia hapa zamani, nikitafuta mafuta ya mbarika. Hayo nilikuwa na hakika nayo, kwani ngozi ya klachi hulishwa mafuta ya mbarika, hayagandi na hayaiozeshi. Bibi akaniuliza nani kafunga choo nyumbani. Nikamwambia ni ya gari. Alicheka mpaka akashika meza.

"Miaka yote nauza dawa, sijapata kuona gari likanywa mbarika," akasema.

Nilipomweleza kwa nini nina haraka aliacha kucheka. Alifunga duka, akajitanda vizuri, akanipeleka mwenyewe kwa mfanyabiashara wa nyuma ya soko aliyekuwa akileta ngozi za ng'ombe za kutengenezea soli za makubadhi na matandiko ya farasi. Zilikuwa ngozi za mgongo, nene, rangi ya chai ya rangi, zimeivishwa kwa magome. Nilikunja kona ya mojawapo na haikupasuka. Nikainusa, nikajua ndiyo. Bibi aliniagiza nimsomee mama Yasini kila nikipata nafasi, nami nilimwahidi.

Sasa sikia ilivyo kejeli. Nikiwa ndani ya treni narudi Jebel Ali, ngozi nimeipakata, mwenye mashine ya kukereza akanipigia. Kazi ya meli moja ilikuwa imeahirishwa. Angeweza kuipokea pia yangu kesho kutwa, aikereze, anitafutie na kile kitambaa cha kisasa, na baada ya juma moja hivi kila kitu kingekuwa tayari. Kwa hiyo nikawa na njia mbili, nami asubuhi ile sikuwa na hata moja.

Kitambaa ndicho chaguo la mtu mwenye akili zilizotulia. Hakinywi mafuta, hakikauki, hakijali jua la hapa, na dereva yeyote angeliendesha gari lile bila kuelekezwa. Ngozi hushika kwa utamu ambao kitambaa hakina, lakini ni ya kulea. Ikikauka inaruka, ikizidi mafuta inateleza, na ukiitesa kwa mguu mzito inaungua. Haya yote nilikuwa nayajua, sikudanganywa na mtu. Ila kitambaa kingenipa gari baada ya juma moja, na ngozi ingenipa gari kesho. Nikachagua kesho. Nadhani hata leo ningechagua hivyohivyo.

Niliiloweka ngozi katika mafuta ya bibi, nikaivuta kwa uzito ili isije ikanyooka yenyewe baadaye, nikachonga ncha zake mbili mshazari zikalaliana bila kuacha tuta. Chini yake nikaweka vipande vyembamba vya springi ili iguse mahali pachache kwanza kabla ya kushika kote. Vichwa vya ribiti nikavizamisha chini ya uso wa ngozi. Sijui ni kwa nini kazi ile ilitoka safi kuliko kazi zangu zote. Nilipoachia kanyagio gari liliondoka hata sikujua limeondoka saa ngapi. Nilizunguka ua mzima. Arbab alikaa kando yangu na gilasi ya chai, akawa anaitazama chai kila ninapotia gia, na chai ilitulia. Alinibusu kichwani. Akatoa simu yake pale pale kuzungumza na wakala wa tiketi.

Wakati anazungumza, mpwa wake akaomba kulijaribu. Kijana alikuwa amezoea magari yanayojibadilisha gia yenyewe. Aliunguza. Alikanyaga nusu, akaachia nusu, akaliweka hapo katikati kwa raha zake mpaka moshi ukatoka chini ya miguu yake, na gereji nzima ikanuka nyama iliyosahauliwa jikoni. Nilimtoa kwa nguvu, nikaipaka ngozi mafuta, nikaiokoa. Arbab akajaribu mwenyewe, gari likamrusha kofia. Akajaribu dereva wake wa nyumbani, ikawa yaleyale. Nikamwona arbab anaweka simu mfukoni, anakuna ndevu, na moyo wangu ukashuka kabla hajafungua mdomo.

Alisema mguu unaolijua gari lile ni wangu peke yake. Nitaliendesha mimi siku ya harusi, na tiketi itakuwa ya usiku uleule. Harusi ilikuwa bado siku kadhaa.

"Arbab, ulisema likitembea," nikamwambia. "Mama yangu hangoji harusi."

"Atangoja, inshallah," akasema. "Mungu ni mkubwa, fundi. Mimi pia ni baba."

Alisema kwa huruma ya kweli, na huruma ile ndiyo iliyoniudhi. Nilifikiria kuibandua ngozi na kumpelekea mwenye mashine ile pia, tuvike kitambaa ambacho yeyote angekiweza. Nilimpigia. Sasa asingeweza kumaliza kabla ya harusi. Nilifikiria pia kuondoka tu, kama alivyosema askari. Nilifunga begi, nikalifungua, nikalifunga tena. Nikazifikiria dawa za mama, na dada asiye na kazi. Kila mlango niliousukuma nilikuta mimi mwenyewe nimeufunga kwa ndani.

Siku zile za kungoja ndizo zilizonichosha kabisa. Joto lilikuwa bado halijaondoka Dubai, na ngozi ilikauka kila ikisimama. Kila asubuhi nilishuka chini ya gari na brashi ndogo na kikombe cha mafuta, nikaipaka taratibu, nikizungusha pia kwa mkono. Dada alinieleza kwamba naye kila asubuhi humgeuza mama na kumpaka mafuta mgongoni asitoke vidonda. Nilizima simu nikabaki nimelala palepale chini ya gari. Mama yangu mzazi anapakwa mafuta na mwingine, nami mwanawe nalea kipande cha ng'ombe. Niliwachukia arbab na mwanawe na bibi harusi ambaye hata sijapata kumwona. Nilisoma ile Yasini niliyoahidi, nikaikosea mara nyingi.

Siku ya harusi arbab alinipa kanzu mpya nyeupe, akaifunga vifungo mwenyewe. Bwana harusi alikuwa atoke nyumbani kwao baada ya alasiri, apelekwe kwenye ukumbi wa hoteli moja Al Garhoud, mwendo mfupi tu, jamaa wakifuata nyuma kwa magari yao. Nilikwisha kulipasha moto gari. Begi langu askari alikuwa ameshalitanguliza hotelini, tiketi ilikuwa mfukoni, na kutoka hotelini hadi uwanja wa ndege ni karibu sana. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliona naweza kufika. Watu walikuwa wakimiminika nje na mapambo na ubani. Simu ikatetemeka.

Dada hakulia. Nyuma yake nilisikia wanawake, nikaelewa kabla hajasema.

"Kaka, mama katutoka," akasema. "Tangu adhuhuri. Wameshamwosha. Masheikh wanauliza tukungoje mpaka kesho, au tuzike leo."

Mama hakupenda maiti alazwe ndani. Akisikia msiba ambao wanamngojea mtu wa ng'ambo, husema huyo aliyekufa amewakosea nini hata wamzuie njiani. Nililijua jibu lake na sikulitaka. Bwana harusi alikuwa anapanda nyuma, ameshika kikombe cha kahawa, arbab anamsaidia kukusanya joho lake.

"Msiningoje," nikasema. "Mzikeni."

Dada akaniuliza lile nililokuwa naliogopa, maana mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, na mahali pangu siku ile palikuwa chini kaburini, ndani ya mwanandani, mikono juu, nimpokee.

"Na nani ashuke kumpokea, kaka?"

"Mumeo," nikasema. "Mwambie mumeo ashuke. Amshike vizuri."

Arbab alikaa kando yangu, akanipiga goti kidogo. Yalla, twende, fundi. Nikaweka simu chini ya paja. Nikatia gia, nikaachia kanyagio kidogo kidogo, nikaisikia ngozi inagusa, inateleza, inashika, na gari likaondoka katikati ya watu wanaopiga makofi. Arbab aligeuka nyuma akakitazama kikombe cha mwanawe, akaniambia mashallah, hata hakuhisi. Nikamjibu ndiyo, arbab, ndivyo inavyotakiwa, nikatia gia ya pili.